Mzigo Huu Ulikuwa wa Nani?

Nimeadimika kama wiki tatu hivi, mnisamehe. Insha mbili, jaribio la katikati ya muhula na vibarua vya wikiendi vilinikaba koo. Leo mvua imenyesha hapa Leicester tangu alfajiri, bweni limetulia (jirani yangu na muziki wake kaenda kwao), nikaona nikae niandike jambo linalonizunguka kichwani tangu Jumamosi ya juzi.

Wanaonifahamu wanajua kwamba wikiendi nabeba trei hotelini. Jumamosi hiyo kulikuwa na dhifa ya kampuni fulani, na kwenye meza niliyopangiwa alikuwepo bwana mmoja aliyelewa mapema. Nikipita ananiita jina la mchezaji mpira. Nikirudi ananiita jina la mnyama. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nikaenda kumwambia msimamizi wa zamu, naye akashusha pumzi, akasema, "Ni mteja. Saa sita ataondoka. Vumilia." Nikavumilia. Mara ya tatu meza nzima ikacheka.

Siandiki ili mnipe pole. Naandika kwa sababu Jumatatu yake, kwenye semina ya historia ya sheria za kazi (somo nililolichagua kwa kuwa halina mtihani wa mwisho, kusema kweli), mwalimu aligawa karatasi za kesi moja ya zamani, na nilipofika nusu ya ukurasa wa kwanza nilihisi masikio yanapata moto.

Derby, Desemba 1994. Si mbali na hapa, ni mji wa jirani kabisa. Hoteli imekodishwa kwa dhifa ya wanaume watupu, na mchekeshaji wa jioni ni Bernard Manning, mtu aliyekuwa maarufu Uingereza nzima kwa mizaha ya rangi na ya matusi. Wahudumu wawili, wasichana weusi, wanaondoa sahani mezani. Manning anawaona, anawageuza kuwa sehemu ya mzaha. Alipomaliza yeye, baadhi ya wageni wakaendeleza kwa maneno na kwa mikono. Wasichana wakashtaki, lakini hawakumshtaki Manning. Walimshtaki mwajiri wao.

Mahakama ya ajira iliwakatalia. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya mambo ya ajira ikawapa haki, kwa hoja ambayo hata mpishi wa hoteli angeielewa: meneja alijua nani anakuja kuchekesha, angeweza kuwaambia wasaidizi wake wawe macho, na mambo yakichafuka wawaondoe wasichana ukumbini. Basi. Hakuna aliyetakiwa kumfunga Manning mdomo. Ilitakiwa mtu mmoja tu aseme, "Nyie wawili, njooni jikoni."

Hiyo ndiyo sheria iliyokuja kuitwa mzigo.

Lakini haikufika huko kwa mkupuo. Mwaka 2003 Malodi, waliokuwa bado ndio mahakama ya juu kabisa nchini humu, walisema katika kesi nyingine kwamba hukumu ile ya Derby ilikosea: mwajiri hawezi kubebeshwa kosa la mgeni. Baadaye chombo cha serikali cha haki sawa kwa wanawake kikaipeleka serikali yenyewe mahakamani, kikidai kwamba sheria ya nchi imepungukiwa ukilinganisha na maagizo ya Ulaya. Kikashinda mwaka 2007. Mwaka 2008 ikaandikwa kanuni mpya kuhusu ubaguzi wa kijinsia, na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ikaipanua iguse rangi, ulemavu, dini, umri na mengineyo. Kanuni yenyewe ilikuwa ya upole kweli kweli. Mfanyakazi anyanyaswe na mtu wa nje walau mara mbili, mwajiri ajue, asichukue hatua za maana, kisha itokee tena. Hapo ndipo anawajibika. Hesabuni wenyewe, nilikuwa nimetimiza masharti yote kabla keki haijakatwa.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo, maana bila kujua Sheria ya 2010 ilikotoka, hamtaelewa kwa nini ugomvi wake ulikuwa mkali.

Hadi mwaka 1965 Uingereza haikuwa na sheria yoyote dhidi ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya Bristol ilikuwa haiajiri weusi wala Waasia kuwa madereva au makonda, na haikuona haya kulisema. Vijana wa mji ule, msemaji wao akiwa Paul Stephenson, wakaanzisha mgomo wa abiria. Ulidumu miezi minne, kampuni ikasalimu amri Agosti. Sheria ya kwanza ikapitishwa miaka miwili baadaye, lakini iligusa mahali pa umma tu, kama vile mabaa na mahoteli. Kazi na nyumba za kupanga zikaachwa.

Nanunua unga wa dona kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu. Anaongea Kiswahili safi kuliko wenzangu wengine wa bwenini. Nilipomuuliza kuhusu miaka ile alicheka, akasema, "Kijana, unapiga simu kiwandani, kazi ipo. Wanauliza jina. Ukitaja jina, kazi imekwisha." Nikamuuliza, "Mzee, mlifanyaje?" Akanijibu, "Tulipiga simu kiwanda kingine."

Mzee huyu aliingia Februari 1968, akiwahi mlango kabla haujafungwa. Wahindi wa Kenya wenye pasi za Uingereza walikuwa wanakimbilia huku, na serikali ya Labour ikapitisha ndani ya siku chache tu sheria ya kuwazuia wote wasio na mzazi au babu wa hapa. Pasi ya Uingereza mkononi, na Uingereza huruhusiwi kuingia! Mwaka huohuo, serikali hiyohiyo, ikapitisha sheria ya pili ya mahusiano ya rangi, ile iliyofikia ajira na nyumba. Mkono mmoja unafunga mlango, mwingine unapanga viti sebuleni. Miaka minne baadaye Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya mji huu huu wa Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Walikuja. Leo mji unajisifu kwa ajili yao.

Halafu kuna akina mama. Mwaka 1968 washonaji wa viti vya magari pale kiwanda cha Ford, Dagenham, 187 kwa hesabu, waligoma wakasimamisha kiwanda kizima. Likazaliwa jambo la malipo sawa: sheria ya 1970, iliyoanza kufanya kazi mwisho wa 1975. Mwaka uliofuata, kwenye kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, kaskazini-magharibi mwa London, mama mmoja mfupi wa sari aitwaye Jayaben Desai alitoka nje ya geti na wenzake wakamfuata. Wengi wao walikuwa Waasia wa Afrika Mashariki. Desai mwenyewe alizaliwa Gujarat, akaishi Tanganyika kabla ya kuja huku. Waligoma karibu miaka miwili na wakashindwa, wadau. Hawakurudishwa kazini.

Nyingine nazipita haraka: sheria ya jinsia 1975, ya rangi 1976, ya ulemavu 1995. Iliyobadilisha mchezo ilitokana na kifo. Tarehe 22 Aprili 1993 kijana Stephen Lawrence alichomwa kisu kituoni cha basi Eltham, London, na polisi wakavuruga upelelezi. Ripoti ya Jaji Macpherson ya Februari 1999 ilisema tatizo lilikuwa ubaguzi uliokaa ndani ya taasisi yenyewe. Hapo wazo likageuka. Sheria zote za awali zilimngoja mtu aumizwe, kisha ashtaki. Sheria ya mwaka 2000 ikaziambia taasisi za umma: fikirini kabla. Kabla hujafunga kituo, kabla hujakata ruzuku, jiulize ataumia nani, na uweke maandishi. Wajibu huo ukaongezwa kwa ulemavu mwaka 2006 na jinsia mwaka 2007.

Mwaka 2008 tukaona ulivyofanya kazi. Halmashauri ya Ealing ilitaka kuacha kulifadhili shirika la Southall Black Sisters, linalowahudumia wanawake Waasia na weusi wanaopigwa majumbani. Wanawake wawili wakaenda mahakamani wakauliza swali dogo tu: mlifanya tathmini kabla ya kuamua? Halmashauri ilirudi nyuma kesi ikiendelea. Shirika lipo hadi leo.

Basi, sheria hizi zote zilizotawanyika ndizo zilizokusanywa kuwa moja mwaka 2010, Harriet Harman akiisukuma. Iliidhinishwa tarehe 8 Aprili, siku za mwisho kabisa za serikali ya Labour. Mwezi uliofuata Labour wakaondoka, ikaingia serikali ya mseto ya Conservative na Liberal Democrats, na sheria ya usawa ikakabidhiwa kwa Theresa May, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na wakati huohuo Waziri wa Wanawake na Usawa. Kofia mbili, kichwa kimoja. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Sehemu kubwa ya sheria ilianza Oktoba 2010. Mwezi Novemba May alitangaza kwamba kifungu cha kwanza kabisa, kilichozitaka taasisi za umma zifikirie pengo la matajiri na maskini, hakitaanza kutumika. Masika ya 2011 ikatangazwa kwamba kifungu cha ubaguzi wa pande mbili, kwa mfano mtu kubaguliwa kwa sababu ni mwanamke na mweusi kwa pamoja, nacho kimewekwa kando. Aprili 2011 wajibu mpya wa usawa wa taasisi za umma ukaanza rasmi, na wiki ileile David Cameron akazindua kampeni iitwayo Red Tape Challenge: zaidi ya kanuni 21,000 kuwekwa mtandaoni, mwananchi aseme ipi ifutwe. Jina linatokana na utepe mwekundu ambao makarani wa zamani walifungia mafaili. Na ndani ya rundo hilo la kanuni ikawekwa Sheria ya Usawa nzima nzima, karibu na kanuni za biashara ya rejareja na mambo ya usafirishaji. Yaani Stephen Lawrence na leseni ya duka kwenye kapu moja.

Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu wenzangu wa semina walimfanya kila mtu wa serikali ile kuwa shetani. Malalamiko ya mzigo hayakuwa ya uongo yote. Mwenye kampuni ndogo ya kusafisha madirisha akiomba kandarasi ya halmashauri alikuwa akijaziwa madodoso marefu, aeleze imani na maumbile ya wafanyakazi wake watatu ambao wawili ni ndugu zake. Sheria haikudai hivyo. Maofisa waliogopa kushtakiwa wakaongeza karatasi juu ya karatasi. Rob Hayward, mbunge wa zamani wa Conservative aliyepewa kuongoza tathmini ya wajibu ule, aliyakuta hayo na akayasema. Lakini alipoulizwa je, wajibu wenyewe ufutwe, ripoti yake ya Septemba 2013 ilisema ni mapema mno kuhukumu. Hata mtu wao hakukubali kuchinja.

Wakati anafanya kazi hiyo, hata hivyo, wakubwa hawakuwa wamengoja. Novemba 2012 Cameron aliwaambia wakuu wa makampuni kwamba enzi za tathmini za athari za usawa zimekwisha. Nadhani nafahamu kilichomkera. Mwaka 2010 shirika la wanawake la Fawcett Society lilikwenda mahakamani kupinga bajeti ya dharura, likihoji kama Hazina ilifikiria wanawake wataumia kiasi gani. Lilikataliwa Desemba, lakini fikiria mwenyewe: swali waliloulizwa Ealing sasa linaulizwa kwa wenye ufunguo wa hazina ya nchi. Mtu hawezi kulipenda swali hilo.

Kilichofutwa hatimaye kilikuwa vipande vidogo vidogo, na ndiyo sababu watu hawakuandamana. Tarehe 15 Mei 2012 May alitangaza matokeo. Kanuni ya mteja mnyanyasaji, ile ya Derby, iondoke. Madodoso yaliyokuwepo tangu miaka ya sabini, ambayo yalimwezesha mfanyakazi kumuuliza mwajiri kwa maandishi "mbona sikupandishwa cheo, waliopandishwa ni akina nani?", yaondoke. Uwezo wa mahakama ya ajira kumwambia mwajiri arekebishe utaratibu kwa faida ya wafanyakazi wengine waliobaki, uondoke. Maoni ya umma yakaombwa. Wengi wa waliojibu walipinga. Sheria ikapita tarehe 25 Aprili 2013, kanuni ya mteja ikafa Oktoba mwaka huo, madodoso Aprili 2014, na uwezo ule wa mahakama Oktoba 2015.

Sababu ya kuiua kanuni ya mteja ilinifanya niweke kalamu chini. Serikali ilisema tangu 2008 inafahamu kesi moja tu iliyoamuliwa chini yake. Moja! Kwa hiyo, wakasema, haihitajiki. Na hapohapo, ni mzigo kwa waajiri. Sasa jamani, kesi moja katika nchi nzima kwa miaka minne inamlemea nani? Mimi nilidhani uchache wa kesi unaweza kuwa na maana nyingine: kwamba meneja mwenye kujua kanuni ipo anamtoa mhudumu ukumbini kabla mambo hayajafika mahakamani. Kitu kilichozuiwa hakiingii kwenye takwimu. Nililisema hilo darasani kwa sauti iliyopanda kidogo, mwalimu akaniuliza kama niko salama.

Mwaka huohuo wa 2013, kwa mkono wa wizara nyingine, ikaja ada ya mahakama za ajira. Kesi ya ubaguzi: paundi 250 kufungua, 950 kusikilizwa. Paundi 1,200 kwa mtu aliyefukuzwa kazi. Kesi zilianguka kwa zaidi ya nusu. Chama cha wafanyakazi cha UNISON kilipambana hadi Mahakama ya Juu, na Julai 2017 majaji walisema ada ile ilikuwa haramu tangu siku ya kwanza. Miaka minne ya watu waliokaa kimya haikurudishwa, ni pesa tu za waliolipa zilizorudishwa.

Na sasa zile kofia mbili. Kipindi kilekile May alipoagiza wajibu wa usawa upimwe kama ni mzigo, wizara yake ya Mambo ya Ndani ilikuwa inajenga sera ya kuwafanyia wahamiaji wasio na karatasi mazingira magumu: mwenye nyumba akague vibali, benki ikague, hospitali ikague. Waliokuja kuumia ni wazee wa Karibiani walioingia kihalali kabla ya 1973, kizazi cha Windrush, ambao hawakuwahi kupewa karatasi kwa sababu hawakuzihitaji. Walipoteza kazi na nyumba, wengine wakapakiwa ndege kwenda visiwa walivyoviacha wakiwa watoto. Novemba 2020 tume ya usawa na haki za binadamu ilitoa matokeo ya uchunguzi wake: wizara ilivunja wajibu wa usawa. Ilionywa kwamba watu hao wataumia, haikutilia maanani. Swali lilelile la Ealing, jamani. Lingejazwa kwenye fomu, kwa uaminifu, na ofisa mmoja mwenye kalamu.

Tume yenyewe nayo ilikuwa imekonda. Ilianza 2007 na takriban paundi milioni 70 kwa mwaka. Baada ya makato ikabaki na kama milioni 17.

Mambo mengine yamerudi kwa mlango wa nyuma. Scotland ilikianzisha kile kifungu cha matajiri na maskini Aprili 2018, Wales Machi 2021. Kwa England kilibaki kwenye karatasi. Mwaka 2023 bunge lilipitisha wajibu wa mwajiri kuzuia unyanyasaji wa kijinsia, ulioanza Oktoba 2024, lakini sehemu ya wateja ilinyofolewa njiani, baadhi ya wabunge na Malodi wakihofia kwamba wenye baa watageuka polisi wa mazungumzo. Kisha ikaja Sheria ya Haki za Ajira ya 2025, inayomrudisha mteja ndani, tena bila sharti la kusubiri mara mbili kwanza. Tarehe iliyopangwa ni Oktoba 2026. Kutoka Derby hadi hapo ni miaka karibu 32, wasichana wale sasa ni watu wazima.

Jana nilimpelekea msimamizi wa zamu nakala ya hukumu ya 1996, kurasa mbili tu nilizozipigia mstari. Alizipokea akazikunja akazitia mfukoni wa koti, hakusema neno. Ratiba ya Jumamosi imeshatoka. Kuna harusi, watu 180, nimepangiwa meza nne upande wa jukwaa. Nitawaambia.